Binti wa Temeke na Lugha Tatu: Uchambuzi wa Kisa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa kike niliyemfahamu tangu alipokuwa kidato cha kwanza hadi alipochagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, ya kidato cha tano. Wakati huo nilikuwa nikifundisha lugha kwa kujitolea katika kituo kidogo cha masomo ya jioni wilayani Temeke, na baadaye wazazi wake waliniomba niwe mshauri wake. Jina lake, la shule, la hospitali na la mtaa yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili familia isitambulike. Yeye na wazazi wake wameyasoma maelezo haya na kuridhia yatumike kufundishia. Nimemwita Binti, kwa sababu ndivyo bibi yake alivyozoea kumwita.

Nimeandika kwa ajili ya walimu wa lugha, walimu wa malezi na wazazi wenye watoto wanaovuka kutoka shule ya msingi kwenda sekondari. Ndani yake kuna makosa yangu mawili makubwa, nami nimeyaeleza kwa kirefu kwa kuwa naona walimu wengi wenye nia njema wakiyarudia.

Usuli

Binti alizaliwa na kukulia Temeke. Baba yake ni seremala Keko, na mama yake anauza vitenge Tandika. Baba ni Mnyakyusa wa Kyela na mama ni Mluguru. Walikutana mjini, na kama ilivyo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha na ndicho pekee walichowarithisha watoto. Tanzania ina lugha za jamii zaidi ya 120, lakini hazifundishwi shuleni, na mtoto wa mjini anaweza kukua akiijua lugha ya wazee wake kama jina la kabila la kujaza kwenye fomu tu. Binti alipoulizwa kabila lake alijibu, "Baba yangu ni Mnyakyusa," kana kwamba jambo hilo lilimhusu baba peke yake.

Alisoma shule ya msingi ya serikali, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967 na Kiingereza ni somo mojawapo. Huko alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa kiranja wa taaluma, aliongoza ngonjera siku ya mahafali ya darasa la saba, na wenzake walimpelekea barua zao awasomee na kuwasahihishia. Alipoulizwa anataka kuwa nani, alisema muuguzi.

Alifaulu vizuri na kuchaguliwa kujiunga na sekondari ya kata. Hapo, baada ya kozi ya awali ya wiki chache, Kiingereza kilikuwa lugha ya kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe. Msomaji akumbuke kwamba ukuta huu haukujengwa na mtoto, wala haukujengwa na mwalimu wake. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua tena mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini darasa aliloingia Binti lilikuwa la Kiingereza, na huko ndiko alikopaswa kuishi kwa miaka minne.

Mlolongo wa matukio

*Neno moja katika daftari*

Katika muhula wa kwanza, mwalimu wa Biolojia alipokuwa akifundisha sifa za viumbe hai, aliuliza kwa Kiingereza mmea unapataje chakula chake. Binti alilijua jibu tangu shule ya msingi. Alilijua neno usanisinuru, alilijua umbijani, yaani rangi ya kijani ya majani, na aliweza kueleza bila kusita kwamba jani hutumia mwanga wa jua, maji na kabonidayoksaidi kutengeneza chakula. Alinyoosha mkono, akasimama, akaanza kwa Kiswahili. Mwalimu alimkatiza na kumtaka aseme kwa Kiingereza au akae. Akakaa.

Neno la Kiingereza alilisikia dakika chache baadaye, likitamkwa haraka mara mbili, akaliandika kama lilivyoingia sikioni: fotosinthesisi. Daftari hilo bado analo. Juu ya neno hilo pamepita mstari wa peni nyekundu, na pembeni kuna alama ya kosa. Tahajia sahihi haikuandikwa popote. Alinionyesha ukurasa huo karibu mwaka mmoja na nusu baadaye, na alichosema ni kwamba siku ile alihisi kama kile alichokijua tangu zamani kimefutwa, kwamba sasa anaanza kama mtu ambaye hajawahi kusoma.

*Kibao*

Muhula wa pili shule ilianzisha kibao cha mbao chenye uzi, kikining'inizwa shingoni mwa mwanafunzi aliyesikika akizungumza Kiswahili. Aliyekivaa alitakiwa kumtafuta mwenzake atakayekosea ili amkabidhi, na aliyekuwa nacho jioni alifagia ukumbi. Nia ya uongozi ilikuwa kuwazoesha watoto Kiingereza. Walichozoea watoto ni kupelelezana. Binti alikivaa mara tatu katika wiki mbili, kisha akagundua njia ya kutokivaa tena: alinyamaza. Ripoti yake ya mwisho wa mwaka ilisema ana nidhamu nzuri na ni mtulivu. Mama yake alishangaa, kwa sababu mtoto aliyemlea hakuwa mtulivu hata siku moja.

*"Mimi si mtu wa lugha"*

Katikati ya kidato cha pili aliwaambia wazazi kwamba anataka kuacha shule akasomee ushonaji. Ushonaji ni kazi ya heshima na wapo vijana wanaoipenda. Ningemuunga mkono kama angekuwa miongoni mwao. Nilipomuuliza kwa nini cherehani, alijibu: "Cherehani haiulizi kwa Kiingereza." Nilipomkumbusha kuhusu uuguzi alisema wauguzi wanasoma kwa lugha, "na mimi si mtu wa lugha." Nilimsikiliza akilisema jambo hilo kwa Kiswahili kilichopangika kuliko cha watu wazima wengi ninaowajua, na yeye hakuona ukinzani wowote. Neno lugha lilikuwa limebadilika maana kichwani mwake. Lilimaanisha Kiingereza tu.

*Hatua yangu ya kwanza, na nyumba iliyonyamaza*

Wazazi waliponiomba msaada, nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimpa mazoezi ya sarufi ya Kiingereza, njeo baada ya njeo, yaani nyakati za vitenzi, kurasa kwa kurasa, siku nne kwa wiki kuanzia Agosti hadi Novemba. La pili, niliwashauri wazazi kwamba nyumbani, kuanzia magharibi hadi saa ya kulala, waongee Kiingereza pekee. Niliamini kwamba mtoto anahitaji kuisikia lugha kwa wingi, na kwamba familia ikijitolea atapata moyo. Baba, aliyemaliza kidato cha nne, alikubali kwa furaha. Mama, aliyeishia darasa la saba, alikubali kwa heshima yangu.

Wiki ya tatu nilipita kwao jioni bila taarifa. Walikuwa wameketi mkekani, ugali na samaki wa kukaanga mbele yao, redio imezimwa. Baba, ambaye kila mtu pale mtaani anamjua kwa kusimulia vituko vya Keko, alikuwa anatafuna huku ametazama chini. Mdogo wake Binti, wa miaka sita, aliomba maji kwa kuonyesha jagi kwa kidole. Mama hakuwapo mkekani. Alikuwa anakula jikoni peke yake, ambako alihamia tangu siku ya nne. Aliponisindikiza mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, humu ndani siku hizi tunaishi kama wapangaji."

Niliwaomba radhi na kuwataka wasitishe jambo hilo usiku uleule. Mazoezi ya sarufi, kwa bahati mbaya, niliyaendeleza hadi mtihani. Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili yalipotoka Januari, alikuwa na B ya Kiswahili, D ya Biolojia na F ya Kiingereza. Alivuka kwenda kidato cha tatu, lakini alikuja kwangu na karatasi ile kama mtu aliyeleta ushahidi.

*Bibi*

Machi ya kidato cha tatu, mama mzazi wa baba aliletwa kutoka Kyela kutibiwa mtoto wa jicho. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kushukuru. Maisha yake yote aliyaishi kwa Kinyakyusa. Wazazi wanakuwa kazini mchana kutwa, hivyo Binti alipewa jukumu la kuwahi nyumbani na kukaa na bibi. Hakuna aliyepanga hili kama mkakati wa elimu, nami sina haki ya kujisifia.

Asubuhi ya kwanza bibi alimsalimu, "Ugonile?" Binti akajibu, "Nzuri." Bibi alicheka hadi akafuta machozi, kisha akamweleza kwa ishara, kiganja shavuni na macho yamefumbwa, kwamba ameulizwa kama amelala. Siku iliyofuata Binti aliwahi kumsalimu yeye, "Ugonile, bibi?" na bibi akakunja uso kwa mzaha. Akamfundisha kusema "mugonile," kwa wingi, kama inavyompasa mtoto anapomsalimu mzee. "Mimi ni wengi," bibi alisema kwa Kiswahili chake, na sentensi hiyo ikawa msemo wa nyumba nzima.

Binti alinunua daftari dogo la kurasa 40 akaanza kuandika. Umundu, mtu, abandu, watu. Umwana, mtoto, abana, watoto. Ndaga fijo, asante sana. Baada ya mwezi mmoja aliniletea swali ambalo wanafunzi wangu wakubwa hawajawahi kuniuliza: kama gona ni lala, je, hiyo -ile ya mwishoni ndiyo -me- yetu ya amelala? Nilimwambia ndiyo, kazi yake inakaribiana, na kwamba Kiswahili cha tenzi za kale nacho kilikuwa na mwisho huo. Washairi wa pwani ya kaskazini waliandika ketile pale tunaposema ameketi, na lele pale tunaposema amelala. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo bibi anaongea kama mashairi." Nakiri kwamba jioni hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo kazi hii haitoi mara nyingi.

Jambo lililonifundisha zaidi alilisema kwa kupita tu. "Bibi ananicheka kila siku," aliniambia, "na mimi sioni haya."

*Ubaoni*

Miezi michache baadaye darasa lake lilifika kwenye mada ya asili ya Kiswahili. Mwalimu alichora jedwali la kulinganisha maneno ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Kibantu, akaeleza kuhusu Malcolm Guthrie, aliyezipanga lugha za Kibantu katika makundi ya herufi na namba na kukiweka Kiswahili katika kundi la G. Akauliza nani ana maneno ya kwao ya kuongeza. Binti, ambaye hakuwa amenyoosha mkono katika somo lolote kwa karibu miaka miwili, alikwenda ubaoni akajaza safu nzima ya Kinyakyusa, kisha akawaeleza wenzake kwa nini umundu na abandu hufuata mpangilio uleule wa mtu na watu. Wanafunzi wengine wakaanza kupaza sauti: Kimakonde, Kisukuma, Kizaramo. Kipindi kilimalizika kukiwa na safu nane.

*Chumba cha daktari*

Tukio la mwisho lilitokea siku bibi alipopelekwa kliniki ya macho. Alipoulizwa anaonaje, alijibu kwa Kiswahili, "Moshi, moshi." Muuguzi aliandika kwamba mgonjwa anaathiriwa na moshi wa kuni. Binti alimuuliza bibi kwa Kinyakyusa chake cha miezi mitano, chenye makosa mengi, akasikiliza, kisha akamweleza muuguzi kwamba bibi hasemi moshi unaingia machoni. Anasema anauona ulimwengu kama uko nyuma ya moshi, na hali hiyo imeongezeka tangu mavuno yaliyopita. Muuguzi alifuta alichoandika. Bibi alifanyiwa upasuaji na akarudi Kyela akiona.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa maana ulikuwa kutomhamishia Binti shule ya mchepuo wa Kiingereza. Baba aliutaka uhamisho huo sana na alikuwa tayari kukopa. Nilipinga kwa sababu mbili: ada ingekula mtaji wa mama, na Binti angeingia kidato cha tatu kati ya watoto waliosoma kwa Kiingereza tangu utotoni, ambako ukimya wake ungezidi. Hadi leo sina uhakika kwamba nilikuwa sahihi kwa watoto wote. Kwa huyu naamini nilikuwa sahihi.

Wa pili ulikuwa kuacha mazoezi ya sarufi yaliyojitenga na kuanza daftari la safu mbili. Kila mada ya Biolojia, Jiografia na Historia aliieleza kwanza kwa Kiswahili upande wa kushoto, kwa maneno yake mwenyewe, hadi aielewe kiasi cha kuweza kumfundisha mdogo wake. Ndipo upande wa kulia tulipoandika maelezo yaleyale kwa Kiingereza, sentensi fupi, na istilahi zikiwa zimepigiwa mstari. Ukurasa wa kwanza ulihusu usanisinuru. Alitaka mwenyewe uanzie hapo. Sababu ya njia hii ni nyepesi: mtoto mwenye maarifa anahitaji njia ya kuyavusha, na hakuna sababu ya kumfanya ajifunze jambo na lugha ya jambo hilo kwa mkupuo mmoja.

Wa tatu ulikuwa wa Binti mwenyewe. Baada ya siku ile ya ubaoni aliomba kwamba kituoni tuwe na nusu saa ya Kiingereza ambamo kucheka makosa kunaruhusiwa na kusahihishana ni lazima, "kama kwa bibi." Nilisita, kwa sababu nilikuwa nimeapa kumkinga dhidi ya kuchekwa. Nilikubali kwa kuwa alikuwa ameona tofauti ambayo mimi sikuiona: kicheko cha mtu anayekutaka useme tena si sawa na kicheko cha mtu anayekutaka ukae.

Wa nne, na mgumu kuliko yote, ulikuwa wa tahasusi. Mama alitaka sayansi, kwa kuwa ndoto ya uuguzi ilikuwa pia ndoto yake. Baba aliuliza swali ambalo wazazi wengi huuliza: "Kiswahili anakijua tayari, anakwenda kukisomea nini?" Nilimjibu kwa mambo ya hakika. Mwaka 2019, katika mkutano uliofanyika hapahapa Dar es Salaam, nchi za SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, zilikifanya Kiswahili kuwa lugha yao rasmi ya nne. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Nilimwambia pia kwamba hayo hayamhakikishii mtu ajira, na kwamba tafsiri na ukalimani ni taaluma zinazodai lugha mbili au tatu kwa kiwango cha juu, Kiingereza kikiwamo.

Kabla ya kuamua, nilimwomba Binti aandike, kwa lugha yoyote aipendayo, siku moja ya maisha yake miaka kumi ijayo. Aliandika ukurasa mmoja na nusu kwa Kiswahili. Alikuwa hospitalini, lakini hakuvaa sare ya uuguzi. Alikuwa ameketi kati ya daktari na mwanamke mzee.

Matokeo

Katika mtihani wa kidato cha nne alipata A ya Kiswahili, B ya Historia, C za Kiingereza, Biolojia, Jiografia na Uraia, D ya Kemia na F ya Hisabati. Hiyo ni pointi 19, daraja la pili. Alichaguliwa tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kiingereza chake bado kina makosa, lakini anakizungumza bila kusimama njiani, na akikosa neno anauliza. Kila Jumapili humpigia bibi simu. Siku hizi akiulizwa kabila lake husema, "Mimi ni Mnyakyusa na Mluguru," na ameanza kumsumbua mama amfundishe Kiluguru.

Uchambuzi

*Kilichofanya kazi*

Mwanasaikolojia wa lugha Zoltán Dörnyei alipendekeza mwaka 2005 kwamba ari ya kujifunza lugha hutegemea sana picha mbili ambazo mtu huwa nazo moyoni: nafsi anayotamani kuwa, na nafsi ambayo anaamini wengine wanamdai awe. Katika kidato cha kwanza na cha pili, Kiingereza cha Binti kilikuwa upande wa deni tu. Kilidaiwa na mwalimu wa zamu, na kibao, na baba, na hatimaye na mimi, hadi mezani kwa chakula. Hakukuwa na picha hata moja ambamo yeye, kama alivyojijua, alikuwa anazungumza Kiingereza kwa sababu yake mwenyewe. Kilichobadilisha hali ni kwamba Kinyakyusa kilimrudishia picha yake ya zamani, ya mtoto wa maneno, na picha hiyo ikawa na nafasi ya lugha zaidi ya moja. Ndiyo maana naona kwamba ushindi wake katika Kiingereza ulianzia kwenye lugha isiyotahiniwa popote.

Daftari la safu mbili nalo lina msingi. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili, alieleza tangu mwaka 1979 kwamba maarifa na stadi za kusoma alizojenga mtoto katika lugha yake ya kwanza humsaidia katika lugha ya pili, endapo lugha hiyo itafundishwa vizuri. Utafiti wake kuhusu watoto wahamiaji nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 1981, ulionyesha kwamba mtoto anaweza kumudu mazungumzo ya kawaida katika lugha mpya kwa takribani miaka miwili, lakini lugha ya kitaaluma humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Watoto wale walikuwa wamezungukwa na Kiingereza barabarani, dukani na kwenye televisheni. Mtoto wa Temeke hukutana nacho darasani, kisha hupanda daladala na kurudi kwenye Kiswahili, na tunampa wiki chache za kozi ya awali na miaka minne hadi mtihani. Kwa hesabu hiyo, F ya kidato cha pili haikuwa habari kuhusu akili yake.

*Kilichoshindwa*

Kosa langu la kwanza, mazoezi ya sarufi, lilitokana na kuuona ugonjwa mahali palipokuwa na dalili tu. Sentensi zake zilikuwa na makosa, nikatibu sentensi. Kila ukurasa niliompa ulimwongezea ushahidi kwamba hana uwezo. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kufundisha Kiingereza ni jambo moja na kufundisha kwa Kiingereza ni jambo jingine. Nilikuwa nimeyasoma maandishi yake, na bado nilipomkuta mtoto aliyeshindwa na la pili nilimpa dozi mbaya ya la kwanza.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Nyumba ile ilikuwa mahali pekee ambapo Binti bado alikuwa mzungumzaji hodari, nami nikaufunga mlango huo kwa ushauri wangu. Mama aliyehamia jikoni alikuwa ananiambia jambo kwa vitendo tangu siku ya nne. Mwalimu anayetaka kushauri familia kuhusu lugha ya nyumbani ajiulize kwanza ni nani atanyamazishwa. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam atakuwa mama.

Kuna jambo la tatu ambalo bado linanisumbua. Je, HKL ilikuwa chaguo, au ni kile kilichobaki baada ya lugha kuifunga milango ya sayansi? Binti alikuwa na udadisi wa kweli wa Biolojia alipotoka shule ya msingi. D ya Kemia na F ya Hisabati hazikuja peke yake. Zilikuja kwa miaka miwili ya kukaa kimya darasani, na nilipoanza kumsaidia niliyaacha masomo hayo mawili kwa sababu si fani yangu, bila kumtafutia mtu mwingine. Naamini anaipenda njia aliyochagua. Naamini pia kwamba njia nyingine ilizibwa kabla hajafikia umri wa kuichagua au kuikataa, na mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mama yake analijua hilo. Aliniambia siku ya matokeo, bila lawama, na sikuwa na jibu.

Kuhusu kibao, nilikwenda kwa mkuu wa shule Binti alipokuwa kidato cha tatu. Alinipokea vizuri, akasikiliza, na kibao kikaondolewa. Muhula uliofuata kilirudi kwa sura nyingine: orodha ya majina ya waliozungumza Kiswahili, iliyobandikwa kila Ijumaa kwenye mlango wa ofisi ya taaluma. Binti, akiwa kidato cha nne, alikwenda ofisini mwenyewe na kuomba kwamba badala ya majina ya watu yabandikwe maneno kumi magumu ya wiki, kwa Kiingereza na maana zake kwa Kiswahili, akajitolea kuyaandika. Ombi lake lilikubaliwa. Mara ya mwisho nilipopita pale, orodha yake ya maneno ilikuwa mlangoni, kwa mwandiko wake, na orodha ya majina ilikuwa bado imebandikwa kando yake.